Kigari Kilichovimbiwa Mafuta

Mwanakuu wa Kibokoni alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kikombe alichonywea mwingine hakukigusa mpaka kisuguliwe kwa majivu na kusuuzwa. Samaki akiletwa nyumbani, yeye alimfunua matamvua, akamnusa, na akimtilia shaka alimrudisha sokoni mwenyewe, hata kama muuzaji alimtolea maneno mbele za watu. Wako waliomcheka na wako waliomwona mwenye maringo. Lakini kinyaa hicho hicho ndicho kilichomfanya atafutwe na Mji wa Kale mzima kila palipokuwa na harusi. Chakula kilichopita mikononi mwa Mwanakuu mtu alikila bila kukichungulia. Hakikuwa na mchanga, hakikuwa na unywele, na tui lake lilikuwa jeupe pe.

Mumewe, Jaffar, alikuwa dereva wa lori huko bandarini Kilindini. Wakati wa vita alichukuliwa na jeshi kuendesha malori ya kwenda mpaka wa Abisinia, na aliporudi alirudi mzima wa mwili, mpole kama alivyokwenda, ila alikuwa na mambo ya barabarani ambayo hakupenda kuulizwa. Mwanakuu hakumuuliza. Mume aliyerudi salama alimtosha.

Mwaka wa arubaini na saba, Mzungu mmoja wa Kizingo alikuwa akirudi kwao, akauza kigari chake cha milango miwili, na Jaffar akakinunua. Kilikuwa kidogo hata majirani wakasema ni cha kuvaa, si cha kupanda. Mwanakuu alifurahi kama mumewe, pengine kumshinda. Miaka yote sufuria zake za harusi zilikuwa zikibebwa kwa mkokoteni, zikirukaruka kwenye mawe, mchuzi ukimwagika njiani. Sasa zingekwenda juu ya kiti, zimefunikwa, zikafika kama zilivyotoka jikoni.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi.

Kila asubuhi, akitoka msikitini, Jaffar alikiwasha kigari, akakingurumisha kidogo, akakizima, kisha akafungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kila asubuhi kijiti kilimwambia mafuta yamepungua. Naye kila asubuhi alitia. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba uchochoro wao umeinama kuelekea bandarini, na kigari chake hulala pua juu, mafuta yote yakakimbilia nyuma. Wala hakuyapa muda yashuke kutoka juu ya injini. Alichomoa, akatazama, akasikitika, akatia.

Basi kigari kikaanza kutoa moshi. Si moshi mwepesi wa gari la kawaida. Ulikuwa wa buluu, mzito, unaokaa chini na kupenya madirishani, ukaganda kwenye mapazia na kwenye nguo zilizoanikwa. Mwanakuu alizifua kanga zake, akazianua, akazinusa, akazirudisha kwenye maji. Akitia udi chumbani, ule mnuko ulichanganyika na udi ukawa kitu kibaya kushinda ulivyokuwa peke yake, mfano wa mtu aliyejipaka marashi juu ya jasho.

"Jaffar," alimwambia siku moja, "gari yako yanuka."

"Gari zote hunuka."

"La. Ya yule daktari hupita Ndia Kuu kila siku, na hainuki hivi."

"Kwa sababu yule haipendi gari yake. Injini ni kama mtu, Mwanakuu. Ukiinyima mafuta, itakufa nawe waitazama."

"Na mtu akishindiliwa chakula mpaka kikamtoka puani, huyo amependwa?"

Jaffar alicheka, akaenda zake kazini. Mwanakuu alibaki mlangoni, upindo wa kanga umeziba pua, akitazama mahali kigari kilipokuwa kimelala. Pale chini palikuwa na dimbwi jeusi linalong'aa, na paka wa jirani alikuwa akilikanyaga, kisha akijilamba nyayo. Mwanakuu akaingia ndani upesi.

Dimbwi halikukaa mahali pamoja. Uchochoro uliteremka, na mafuta yakateremka nao, yakipenya katikati ya mawe mpaka karibu na mlango wa msikiti. Ijumaa moja akaja Abdulhalim, aliyekuwa akiutunza msikiti ule, akabisha hodi akiwa ameishika kanzu yake kwa vidole viwili.

"Salaam aleikum, Bwana Jaffar."

"Aleikum salaam, Maalim. Karibu ndani."

"Siingii, nitakuchafulia. Tazama." Akaugeuza upindo wa kanzu. Ulikuwa na utepe mweusi kuzunguka mguu mzima. "Hii ni yangu, na si neno, nitafua. Lakini mkeka wa safu ya mbele una nyayo nyeusi toka mwanzo hadi mwisho. Watu wamesujudu juu yake leo. Mtu ainua uso, ana weusi kipajini."

"Samahani sana, Maalim. Nitamwaga mchanga."

Alimwaga mchanga kweli. Mchanga ukayanywa mafuta, ukageuka tope jeusi linalonata, na tope hilo likabebwa na nyayo za watu hadi kwenye ngazi za kila nyumba. Majirani waliosalimiana na Jaffar kwa uchangamfu sasa walijibu salamu huku wakitazama miguu yao. Mwanakuu aliona aibu kutoka. Kila alipopita aliliinua buibui kuliko ilivyo adabu, na bado alirudi na ukoko mweusi kwenye visigino ambavyo alikuwa amevitia hina.

Baadaye kidogo mafuta mazuri yakawa adimu mjini, na Jaffar akaanza kuleta nyumbani mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye malori ya Kilindini, mafuta yaliyokwisha kutumika, meusi kama wino, yenye vipande vya masizi na unga wa chuma. Aliyaleta kwa debe. Alisema akiyachuja yatafaa, maana kigari chake kilikuwa kikiyala kwa wingi. Hakujiuliza kwa nini kigari kidogo namna ile kiwe na njaa ya lori. Aliyachuja kwa fulana yake kuukuu ya jeshi, uani, karibu na karo la kuoshea vyombo. Mwanakuu alimkataza karo, naye akasogea hatua chache.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya kawaida. Mwanakuu alikuna nazi ya wali wa mchana, akachukua kifumbu chake kutoka kwenye msumari. Kifumbu kilikuwa kibichi kidogo. Alidhani ni unyevu wa asubuhi. Akajaza nazi, akatia maji ya vuguvugu, akaanza kukamua juu ya bakuli.

Tui lilitoka la kijivu.

Akakamua tena, kwa sababu macho yake hayakuliamini. Likatoka na mishipa myeusi ndani yake, ikijinyonganyonga juu ya weupe, na ule mnuko ukapanda, mnuko wa Kilindini, wa chuma kilichoungua, jikoni kwake, katika chakula chake. Mikono yake ilikuwa imeshika kifumbu na vidole vilikuwa vinateleza. Alikitupa, akakimbilia uani, akatapika hadi hapakubaki kitu cha kutoka.

Jaffar alikuwa uchochoroni, chini ya kigari. Alimsikia, akaingia uani akipangusa mikono.

"Una nini, mke wangu?"

"Kifumbu changu."

Jaffar aliinamisha kichwa. "Fulana ilipasuka," akasema. "Nilikitumia mara moja tu. Nilikiosha kwa sabuni, Mwanakuu. Nilikiosha vizuri sana."

Mwanakuu alimtazama. Aliona weusi uliokaa katika mistari ya viganja vyake na chini ya kucha, akakumbuka kuwa vidole hivyo hivyo huingia katika sinia moja naye kila siku, vikimega tonge upande ule, vikimsogezea kipande cha nyama kizuri. Alikichoma kifumbu kwa mafuta ya taa, akamwaga tui, akavaa buibui, akaenda kwa dada yake Tumu, Mkanyageni, asubuhi ile ile, mchele ukiwa bado haujapikwa.

Tumu alikuwa mkubwa wake, mwanamke wa maneno machache. Alimsikiza, akamtilia maji ya ndimu.

"Wataka talaka?" akamuuliza.

"Sitaki talaka. Nataka kuoga."

Jaffar alikuja kumfuata. Mwanakuu alizungumza naye nyuma ya pazia, si kwa ugomvi bali kwa sababu hakutaka kumnusa. Sharti lake lilikuwa moja: kigari kipelekwe kwa fundi anayejua, na yeye Mwanakuu mwenyewe awepo asikie. Jaffar akakubali.

Fundi alikuwa Gunga, mtu wa Kaloleni, mwenye karakana ya mabati karibu na Mwembe Tayari. Alikisukuma kigari hadi penye sakafu ya sawasawa, akawaambia wangoje. Mwanakuu na Tumu walikaa kwenye benchi, mbali na mapipa. Baada ya muda Gunga alichomoa kijiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akamwonyesha Jaffar.

"Waziona alama hizi mbili? Mafuta yakae baina yake. Chini ya hii, hatari. Juu ya hii, hatari vilevile. Yako yamefika huku." Akaweka kidole karibu na nusu ya kijiti. "Bwana, hapa hakuna mafuta ya gari moja. Ya magari mawili."

"Yakizidi yanadhuru nini? Si yanalainisha zaidi?"

"Ndani mna chuma kinachozunguka kwa kasi. Mafuta yakikifikia, kinayapiga kama mwanamke apigavyo mayai. Yanakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Halafu yanatafuta pa kutokea. Yanapanda juu yakaungua, ndiyo huo moshi. Yanasukuma vizibo, ndiyo hilo dimbwi. Wewe wadhani gari yala mafuta. Haili. Yatapika."

Mwanakuu, kwenye benchi, alifumba macho.

Gunga alilegeza nati ya chini. Mafuta yakashuka katika karai, mazito, yenye povu la rangi ya matope, yakashuka, yakashuka, hata karai likajaa na jingine likaletwa. Jaffar alisimama akitazama. Mwanakuu aliona uso wa mumewe umekuwa kama wa mtu anayetazama mnyama wake akichinjwa, na jambo hilo lilimshangaza, lakini uvundo wa yale makarai ulikuwa mkali, hakuweza kufikiri zaidi. Gunga akatia mafuta safi kwa kipimo, akabadilisha vizibo viwili, akamwonya Jaffar apime penye usawa, injini ikiwa imetulia, na asitie kama mafuta hayakupungua.

Mwanakuu akarudi nyumbani. Kwa siku kadhaa uchochoro ulikuwa na hewa. Alisugua sakafu, alisugua ngazi, alinunua kifumbu kipya akakificha sandukuni pamoja na kanga zake za sitara.

Wakati huo Mejumaa wa Tudor alikuwa akimwoza binti yake, akamtaka Mwanakuu apike pilau. Mwanakuu alipika Kibokoni, kwenye meko yake mwenyewe, kwa sababu hakuamini meko ya watu. Mbuzi walichinjwa alfajiri, nyama ikaoshwa mpaka maji yakatoka meupe. Pilau ilipoiva, harufu yake ilifika Ndia Kuu. Jaffar akasema, "Tia garini. Gari sasa ni nzima, umeisikia mwenyewe." Mwanakuu alisitasita, kisha akakubali. Sufuria zikapangwa nyuma, naye akakaa mbele, buibui limefunika uso.

Hawakuwa wamefika mbali alipousikia ule mnuko. Kwanza kidogo, kama kumbukumbu. Halafu kwa nguvu. Walipofika kwenye mteremko wa kuingia Tudor kitu kilipasuka chini ya miguu yao, na moshi ukapanda kupitia mbao za sakafu, wa buluu, wa moto, ukajaa kigari kizima. Mafuta yalikuwa yameruka kwenye bomba la moshi na yalikuwa yakiungua juu yake. Jaffar alitoa kichwa dirishani apate kuona njia. Walifika nyumbani kwa Mejumaa wakikohoa, machozi yakiwatoka, na wanawake waliokuwa wametoka kuwapokea kwa vigelegele wakanyamaza.

Sufuria ziliingizwa uani. Mwanakuu akafunua ya kwanza. Mvuke ulimpiga usoni, na ndani ya mvuke, chini ya mdalasini na bizari, mlikuwa na kile kitu. Akafunua ya pili. Akafunua zote. Wali ulikuwa umeunywa moshi kama sifongo. Nyama ilinuka lori.

"Haipakuliwi hii," akasema.

Mejumaa alimvuta kando. "Mwanakuu, ndugu yangu, wageni wameketi. Ina viungo tele. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi iwe siri yetu wawili."

"Dada, siwezi kumpa mtu kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukimeza. Hata akila akasifu, mimi nitakuwa nimeketi jikoni nikimwona akila taka."

Jaffar alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Kanzu yake ya harusi ilikuwa na matone meusi kifuani. "Wazidisha, Mwanakuu," akasema. "Ni moshi tu. Tazama." Akaja, akamega tonge kubwa, akalitia kinywani mbele ya wanawake wote. Akatafuna. Akatafuna polepole. Taya zikasimama. Mwanakuu alimwona akijaribu kumeza, koo likikataa, macho yakimtoka, hadi akageuka akatoka nje mbio, na wote walimsikia nyuma ya ukuta.

Aliporudi, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ulitia tena," Mwanakuu akasema.

"Nilitia."

"Baada ya Gunga kukuonyesha kwa kidole?"

"Nilitia kila siku. Kidogo kidogo." Jaffar aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Hakujali tena nani anasikia. "Alipoyamwaga yale, nilihisi kama amwaga damu yangu. Kule Abisinia nilipewa lori, nikaambiwa twende, na mafuta yalikuwa hayako. Nilisema hayako, nikaambiwa twende. Injini ikakauka njiani, ikashikana, na msafara mzima ukasimama juani. Wakanilaza chini wakanichapa viboko mbele ya wenzangu, kwa mafuta ambayo sikupewa. Tangu siku hiyo nikiona kijiti kikavu, mgongo waniuma."

Mwanakuu alimhurumia, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini alikuwa amesimama karibu naye, na alikuwa akimnusa, na mguu wake mmoja ulirudi nyuma wenyewe kabla hajauzuia. Jaffar aliuona mguu huo.

Kisha Mwanakuu alikunja mikono ya kanzu yake, akaomba mchele. Wanawake wa Tudor walikwenda nyumba kwa nyumba wakaleta mchele, nazi, samaki wa kukaanga, ndimu na pilipili. Wageni wakapewa halua na kahawa, wakaambiwa wasubiri. Walikula wali mweupe na mchuzi, kwa kuchelewa sana, na wengine walinung'unika kwa kukosa nyama. Yale masufuria ya pilau yalimwagwa katika shimo karibu na mikoko. Kuku waliyakaribia, wakachakura kidogo, wakaondoka. Mwanakuu alisimama pale mpaka shimo lilipofukiwa, akilia kwa sababu ya mbuzi.

Mejumaa hakumsamehe upesi. Alieleza mji mzima jinsi Mwanakuu alivyomwaibisha siku ya harusi ya mwanawe. Ajabu ni kwamba kadiri alivyoeleza, ndivyo watu walivyozidi kubisha mlango wa Kibokoni. Kila aliyesikia kwamba yuko mpishi aliyemwaga pilau ya harusi nzima kwa kuwa ilinuka moshi, alimtaka huyo huyo ampikie. Mwanakuu alirudi kwenye mkokoteni. Alipata mwenye mkokoteni mmoja, Chengo, aliyekubali kunawa mikono mbele yake kabla ya kushika sufuria.

Kigari kilirudi kwa Gunga, kikakaa huko muda mrefu. Kilipotoka, Jaffar alikitafutia mahali pa kulala penye usawa, mbali na Kibokoni, karibu na Feri kwa jamaa yake. Alipima kama alivyofundishwa, na safari hii alifuata, ingawa kila alipokiona kijiti kimelowa baina ya zile alama mbili tu, alisimama kidogo na kopo mkononi kabla ya kulirudisha. Kigari kikaenda vizuri miaka mingi. Moshi ukaisha. Mvua za masika zikauosha uchochoro, na Abdulhalim akapata mkeka mpya.

Nyumbani walikaa kwa amani. Walizungumza, walicheka, walikwenda mazikoni na harusini pamoja. Ila sinia moja likawa masinia mawili. Mwanakuu hakulitangaza jambo hilo. Alipakua tu, akaweka moja huku na moja kule, siku ya kwanza na ya pili, na Jaffar hakuuliza. Alikuwa amejifunza kusugua mikono kwa ndimu na mchanga hadi ngozi ikawa nyekundu, na ilikuwa safi, Mwanakuu mwenyewe alikuwa akiona kuwa ni safi. Alijaribu mara moja kula naye tena, siku ya mwezi kuandama. Alipoona vidole vinakuja upande wake na kipande cha nyama, alisingizia kuwa anaitwa mlangoni.

Idi moja Jaffar alimwomba wapande gari wakapunge upepo Kizingo, kama watu wengine. Mwanakuu akavaa buibui lake jipya. Alikaa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, upindo wa buibui puani. Jaffar aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Walipita chini ya miti ya nyumba za wakubwa, wakafika penye upepo wa bahari, akazima injini.

"Je?" akauliza, bila kugeuka.

Mwanakuu alishusha upindo, akanusa kwa hadhari, mara moja, mara ya pili.

"Hainuki," akasema.

Jaffar alishusha pumzi. Mwanakuu alifungua mlango, akashuka, akakung'uta buibui lake pande zote ingawa halikuwa na kitu.

"Endesha wewe taratibu," akamwambia. "Mimi nitarudi kwa miguu."